Kati ya Mimba na Mimba



Nimeombwa nizungumze kuhusu unene wa watoto, na nadhani aliyeniomba alitarajia nisimame hapa niwaseme wauza chipsi na wauza soda. Sitawatetea. Mtoto anayekunywa soda kila siku na kushinda mbele ya televisheni ataongezeka uzito, na hilo halihitaji mhadhara. Lakini sote tunazijua nyumba ambazo watoto wawili wamelelewa na mama mmoja, wamekula sahani moja na kusoma shule moja, na bado mmoja amenenepa tangu udogo huku mwenzake akibaki mwembamba. Majirani husema huyu amechukua upande wa baba. Huenda ni kweli. Liko hata hivyo jibu jingine, ambalo wataalamu wamelifuatilia kwa zaidi ya miaka 40: watoto hawa hawakulelewa katika hali moja tumboni. Mama ni yuleyule kwa jina, lakini mwili uliobeba mimba ya kwanza na mwili uliobeba mimba ya nne hailingani. Uzito umebadilika, sukari katika damu imebadilika, pengine hata shinikizo la damu limebadilika.

Jioni hii nataka tuangalie kipindi ambacho hakina jina kwenye kadi ya kliniki, yaani ile miezi au miaka iliyo kati ya mimba moja na nyingine. Nitafika huko kwa njia ndefu kidogo, mnivumilie.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka jangwani, katika jimbo la Arizona, Marekani. Huko wanaishi Akimel O'odham, ambao vitabu vingi vya tiba vinawaita Pima. Kwa karne nyingi walilima mahindi, maharage na maboga kwa maji ya mto Gila. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi waliyachepusha maji hayo huko juu, mashamba yakakauka, na watu waliokuwa wakijilisha wenyewe wakaanza kutegemea unga mweupe, sukari na mafuta ya mgao wa serikali. Mwaka 1965 watafiti wa serikali ya Marekani walianza kuwapima wanajamii hao mara kwa mara, wakakuta kisukari kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwingineko. Kwa sababu vipimo vilirudiwa mwaka hadi mwaka, wajawazito wakiwemo, hatimaye yalipatikana maelezo ambayo ni nadra sana kuyapata: sukari ya mama ilikuwa kiasi gani wakati mtoto fulani yuko tumboni, na mtoto huyo amekuwa na uzito gani alipofika ujana.

Mwaka 1983 David Pettitt na wenzake walichapisha majibu. Waliwagawa vijana wa miaka 15 hadi 19 katika makundi matatu. Kundi la kwanza mama zao walikuwa na kisukari wakati wa ujauzito. Kundi la pili mama zao walikuja kupata kisukari miaka ya baadaye, mtoto akiwa ameshazaliwa. Kundi la tatu mama zao hawakupata kisukari. Wakahesabu katika kila kundi vijana ambao uzito wao ulifika asilimia 140 au zaidi ya ule unaofaa. Kundi la tatu walikuwa asilimia 17, la pili asilimia 25, na la kwanza asilimia 58.

Tuikalie hiyo 25, maana ndiyo yenye neno. Wale mama waliopata kisukari baadaye walikuwa na asili ya ugonjwa huo katika damu yao tangu kuzaliwa, na watoto wao waliirithi. Kama urithi peke yake ungekuwa ndio sababu, watoto hao wangekaribiana na wale wa kundi la kwanza. Hawakukaribiana. Kilichowatenganisha ni saa ya ugonjwa: kwa hawa sukari ilipanda mimba ikiwa imeshapita, kwa wale ilipanda mimba ikiwepo.

Bado mbishi angeweza kusema kwamba nyumba hizo hazifanani kwa mambo mengine. Ndipo mwaka 2000 Dana Dabelea na wenzake walipofanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulipata: waliwatafuta ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyezaliwa kabla mama hajaugua kisukari na mwingine aliyezaliwa baada ya mama kuugua. Waliozaliwa baadaye walikuwa wanene kuliko ndugu zao kwa wastani wa vizio 2.6 vya ule uwiano tunaoupata kwa kugawanya kilo kwa kipeo cha pili cha urefu. Kwa kijana wa mita 1.6, hiyo ni karibu kilo saba. Hatari yao ya kisukari nayo ilikuwa kubwa zaidi. Wakapima vilevile familia ambazo aliyeugua alikuwa baba, wakalinganisha watoto waliozaliwa kabla na baada ya baba kuugua. Hawakuona tofauti ya namna hiyo. Kisukari cha baba hakikai na mtoto miezi tisa.

Niseme jambo moja kabla sijaondoka Arizona, kwa sababu linanikera. Wapo wanaowataja watu hawa kana kwamba damu yao ina kasoro. Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Mexico, wako Pima wengine wa asili ileile ambao waliendelea kulima na kutembea, na walipopimwa walikutwa wembamba zaidi na kisukari chao kilikuwa kidogo mno kulinganisha na ndugu zao wa Arizona. Wa Arizona walinyang'anywa mto, wa Mexico hawakunyang'anywa.

Sasa, sukari ya mama inamfanya nini mtoto? Maelezo ya msingi yalitolewa katika miaka ya 1950 na daktari wa Copenhagen, Jørgen Pedersen, na bado yamesimama. Kondo la nyuma ni kama bawabu mwenye masharti yake: sukari ya mama inapita, insulini ya mama inazuiwa mlangoni. Sukari ikiwa nyingi kwa mama, inakuwa nyingi kwa mtoto pia, na mtoto hana insulini ya kuazima. Kongosho lake changa linalazimika kutengeneza yake, tena nyingi. Tumboni, insulini haishushi sukari tu, inakuza. Inajaza mafuta chini ya ngozi, inapanua mabega, inanenepesha ini. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye kisukari huweza kuzaliwa na kilo nne au tano, kila mtu akimsifia, na saa chache baadaye sukari yake inashuka ghafla kwa sababu mfereji wa sukari ya mama umekatwa na kongosho lake bado linamwaga insulini kama lilivyozoea. Wakunga wanaijua hali hiyo vizuri.

Hayo yanaonekana kwa macho. Yasiyoonekana ni yale ya ubongo. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi inayoamua lini tunajisikia njaa na lini tumeshiba. Majaribio mengi ya wanyama yameonyesha kwamba sehemu hiyo hujengwa tofauti pale mama anapokuwa na sukari au mafuta mengi mno, na vitoto vyake hukua vikila zaidi. Kwa binadamu hatuwezi kufungua na kutazama, kwa hiyo hapo sisemi zaidi.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani tatizo ni shibe tu, maana njaa nayo inafika mahali pale pale.

Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuwasaidia majeshi yaliyokuwa yakija kuikomboa nchi. Wajerumani walilipiza kwa kuzuia chakula kisiende mijini magharibi. Zuio lilipolegezwa, mifereji ya maji ilikuwa imeganda kwa baridi na mashua hazikupita. Kuanzia Desemba hadi Aprili mgao wa mtu ulikuwa kati ya kalori 400 na 800 kwa siku, na watu wapatao 20,000 walikufa. Mei 1945 nchi ikakombolewa na chakula kikarudi. Njaa ilikuwa na mwanzo unaojulikana na mwisho unaojulikana, katika nchi inayotunza kumbukumbu, na kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa kipindi kile angeweza kuulizwa: njaa ilikukuta mwezi wa ngapi?

Swali hilo liliulizwa mwaka 1976 kwa kutumia vipimo vya vijana wapatao 300,000 wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi. Waliokutwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene uliokithiri karibu maradufu ya wenzao. Waliokutwa nayo miezi ya mwisho na miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa walikuwa wembamba kuliko wenzao. Njaa ile ile ikaleta majibu mawili yanayopingana, kufuatana na umri wa mimba. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtoto mchanga kabisa tumboni husoma hali ya nje na kujiandaa kwa dunia yenye uhaba: ashikilie kila tone la mafuta. Kisha anazaliwa, na dunia aliyoiandalia haipo tena.

Wenzetu wa Afrika wana ushahidi wao, na haunukuliwi vya kutosha. Vita vya Biafra, 1967 hadi 1970, viliambatana na njaa kali. Miaka 40 baadaye watafiti walipima watu huko Enugu, Nigeria. Waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa walikutwa zaidi na shinikizo la damu, matatizo ya sukari na uzito uliozidi kuliko waliozaliwa njaa imekwisha. Picha za watoto wa Biafra zilizunguka dunia nzima. Waliobaki hai walipofika umri wa kulea wajukuu, hakuna mpiga picha aliyerudi.

Na huhitaji vita. Katika vijiji vinavyozunguka mji wa Pune nchini India, Chittaranjan Yajnik aliwapima watoto wachanga wenye wastani wa kilo 2.7 na kuwalinganisha na wa Southampton, Uingereza, wenye kilo 3.5. Watoto wa Pune walikuwa wadogo kwa misuli na kwa viungo vya tumboni, lakini mafuta ya chini ya ngozi walikuwa nayo karibu sawa na wenzao. Wembamba kwa mzani, wanene kwa ndani. Mwaka 2004 Yajnik na rafiki yake Mwingereza, John Yudkin, walichapisha picha yao wamesimama pamoja katika jarida la Lancet. Uwiano wao wa uzito na urefu ulikuwa sawa, 22.3 kila mmoja. Mafuta ya mwili wa Mwingereza yalikuwa asilimia 9.1, ya Yajnik asilimia 21.2. Naipenda picha hiyo kwa sababu profesa alijitoa mwenyewe kuwa mfano badala ya kuwaonyesha wanakijiji.

Sigara nazo ziko upande huu. Mama anayevuta huzaa mtoto mwepesi, na mtoto huyo baadaye huwa na hatari kubwa zaidi ya kunenepa. Kwetu wanawake wanaovuta ni wachache, lakini wanaume wanaovutia ndani ya nyumba si wachache. Nimewaona hata ukumbini humu mkitoka na kuingia.

Kwa nini nawapeleka kote huko? Kwa sababu Afrika ya Mashariki tuna njaa ya Uholanzi na sukari ya Arizona katika maisha ya mtu mmoja. Takwimu za afya za mwaka 2022 zinaonyesha watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Kenya ni 18 kati ya 100. Mtoto wa kike aliyedumaa hakai kijijini milele. Anakuja mjini, anaacha jembe, anapanda daladala, anakaa dukani au ofisini kutwa nzima, chai yake ina vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili pembeni. Mwili uliojengwa kwa uhaba umefika penye chakula rahisi. Akishika mimba akiwa na miaka 26, mtoto wake anakutana na yote mawili.

Watu walilipima hili Dar es Salaam. Eduardo Villamor na wenzake walikusanya vipimo vya wanawake zaidi ya 73,000 waliohudhuria kliniki za wajawazito kati ya 1995 na 2004. Mwanzoni wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 3.6. Mwishoni walikuwa 9.1. Ndani ya miaka tisa tu, katika jiji moja, na huko kliniki mafunzo yetu yote ya lishe yalikuwa bado yanahusu upungufu.

Upungufu upo, sisemi haupo. Lakini angalieni tunavyomchanganya mama. Bibi mmoja anamwambia ale mara mbili kwa kuwa wako wawili. Mwingine anamwambia apunguze, mtoto akiwa mkubwa atashindwa kupita. Wa tatu anamkataza mayai, mtoto asije akazaliwa hana nywele. Yai ni mojawapo ya protini za bei ndogo anazoweza kuzipata, na ndilo tunalomwondolea, kisha tunamwachia soda kwa sababu ameihamu. Mwanamke aliyeanza mimba na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa miezi yote tisa. Aliyeanza na unene uliokithiri, kilo 5 hadi 9 zinamtosha. Miongozo hiyo ni ya Marekani, ya mwaka 2009, na inafaa kuwa na busara nayo kwetu, lakini hakuna mwongozo wowote wa kitaalamu unaosema kula mara mbili.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wanaozungumza mada hii huwa wanapita haraka. Ikiwa sukari na uzito wa mama vinamwandaa mtoto kwa unene, basi tukivirekebisha wakati wa ujauzito mtoto ataokoka. Inaonekana ni hesabu ya moja kwa moja. Ilijaribiwa, na haikutoka hivyo.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika hasa Australia, kwa wanawake 1,000 wenye kisukari cha mimba kisicho kikali. Nusu walitibiwa, nusu walipata huduma ya kawaida. Waliotibiwa walinufaika waziwazi: watoto wenye zaidi ya kilo nne walikuwa asilimia 10 badala ya 21, na madhara makubwa ya wakati wa kuzaliwa yalikuwa asilimia 1 badala ya 4. Hakuna mkunga atakayedharau hilo. Lakini baadhi ya watoto hao walipofuatiliwa wakiwa na miaka minne hadi mitano, uzito wao kwa urefu ulilingana na wa wenzao. Huko Uingereza, wajawazito 1,555 wenye unene uliokithiri walishirikishwa katika utafiti ambao nusu yao walipewa mafunzo ya kina ya kula na kutembea. Majibu yalitoka mwaka 2015. Kisukari cha mimba hakikupungua.

Unaweza kusema nadharia yote imeanguka. Mimi sioni hivyo, ingawa naheshimu wanaosema hivyo. Watoto wa miaka minne ni wadogo, na hata Arizona tofauti ilikuwa ikikua kadiri umri unavyoongezeka. Utafiti mwingine wa nchi nyingi ulipowapima watoto wakiwa na miaka 10 hadi 14, wale ambao mama zao walikuwa na kisukari cha mimba walikuwa na unene uliokithiri kwa asilimia 19, wengine 10, ijapokuwa sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na unene wa mama mwenyewe. Ninachokiona zaidi ni tarehe. Mafunzo ya Uingereza yalianza mimba ikiwa na wiki 15 au zaidi. Kipimo cha sukari kwa kawaida hufanywa wiki ya 24 hadi 28. Kwetu wengi hata kliniki huanza miezi mitatu imeshapita. Kufikia wiki ya 12 viungo vyote vya mtoto vimeshawekwa mahali pake, na kondo limeshaota mizizi. Tunafika sherehe ikiwa nusu, tunauliza kwa nini hatukupata nyama.

Ndiyo maana nasema tuangalie kati ya mimba na mimba.

Villamor yule yule wa Dar es Salaam, mwaka 2006, alichapisha pamoja na Sven Cnattingius utafiti wa wanawake 151,025 wa Sweden waliozaa mara ya kwanza na ya pili. Swali lao lilikuwa hili: mwanamke aliongezeka kiasi gani baina ya mimba hizo mbili? Walioongezeka vizio vitatu au zaidi, ambavyo kwa mwanamke wa mita 1.6 ni karibu kilo nane, walikuwa na hatari ya kisukari cha mimba mara mbili ya wale ambao uzito wao haukubadilika sana. Na hatari iliongezeka hata kwa wanawake ambao bado hawakuwa wanene. Kilo nane katika miaka miwili au mitatu. Wangapi humu ndani wanaziona kilo hizo ni za ajabu?

Upande wa kupungua nao upo. Katika jimbo la Quebec, Kanada, wanawake wenye unene mkubwa sana walifanyiwa upasuaji wa tumbo na utumbo wakapungua sana. Watafiti wakawalinganisha watoto waliozaliwa kabla ya upasuaji na wadogo zao waliozaliwa baada yake. Unene mkali ulikuwa asilimia 35 kwa waliotangulia na asilimia 11 kwa waliofuata. Ndugu kwa ndugu tena, kama Arizona, ila safari hii kwa mwelekeo wa kurudi. Sisemi tukapasuane. Nasema mlango hufunguka pande zote mbili, na kote ulifunguka kabla mimba haijaingia.

Na uko mfano usiohitaji kisu. Katika mitaa ya watu wa kipato cha chini mjini Mumbai, wanawake walipewa kila siku kitafunwa chenye mboga za majani, matunda na maziwa, kilichopikwa kama vitafunwa vya mtaani mfano wa sambusa. Walianza kula kabla ya kushika mimba, wakaendelea hadi kujifungua. Kundi jingine walipewa kitafunwa kinachofanana kwa macho lakini chenye mboga zisizo na virutubishi vingi. Kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 7.3 kwa wa kwanza, 12.4 kwa wa pili. Kilichofanya kazi hapo ni mboga ndani ya sambusa, ikiliwa kwa wakati unaotakiwa. Soweto, Afrika Kusini, kuna mradi uitwao Bukhali unaofuata njia hiyo ya kuanza na wasichana kabla ya mimba, na wanaopanga bajeti zetu wangefanya vizuri kuufuatilia.

Turudi nyumbani, na twende kliniki ya watoto, Jumanne asubuhi, popote mnapopajua. Mama amefika mapema na mtoto mgongoni. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa ile kaptula ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mzani, analia. Nesi anasoma mshale, anaweka nukta kwenye kadi, anaangalia kama nukta iko kwenye kijani. Chanjo inachomwa. Tarehe ya kurudi inaandikwa. Mama anafunga kanga, anaondoka. Amekuja wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, mwezi wa tisa, na kila mwezi katikati. Mara zote hizo hakuna aliyemwambia yeye mwenyewe apande mzani. Alipokuwa mjamzito alipimwa kila hudhurio. Mtoto alipotoka, kadi ilibadilika na mama akafutika.

Na kipindi hicho ndicho uzito unakwama. Baada ya kujifungua tunamlisha mzazi kwa mapenzi: mtori, supu, uji wenye sukari na siagi, na kazi haruhusiwi kugusa. Kwa wiki chache ni haki yake, amemwaga damu na ananyonyesha. Shida ni kwamba arobaini inapita na chungu cha uji hakipungui. Anashika mimba nyingine kabla mwili haujarudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isiwe chini ya miezi 24 kutoka kuzaa hadi kushika mimba nyingine. Huwa tunautetea uzazi wa mpango kwa ajili ya damu na mfuko wa uzazi. Ongezeni uzito na sukari katika orodha hiyo.

Aliyekuwa na kisukari cha mimba anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili baada ya kujifungua, kwa kipimo kamili: anakuja na njaa, anakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji, sawa na sukari iliyomo katika zaidi ya chupa mbili za soda, na anakaa kwenye benchi saa mbili akisubiri kutolewa damu tena. Ni kipimo cha kuchosha na wengine hutapika. Wiki ya sita mama huyo yuko kliniki tayari, na mtoto. Hana haja ya nauli nyingine. Ni sisi tusiomwita.

Mtaona sijawalaumu akina mama hata mara moja, na sikusahau. Mwaka 2014 wanazuoni kadhaa, akiwemo mmoja wa waliofuatilia wale watoto wa Australia, waliandika katika jarida la Nature kuwaonya wenzao waache kuwageuza mama kuwa washitakiwa wa kila ugonjwa wa mtoto. Walisema kweli. Mwanamke hakuyachepusha maji ya mto Gila, wala hapangi bei ya mboga Kariakoo, wala si yeye anayeamua kama zahanati ina vijiti vya kupimia sukari. Kuna waume humu wanaojua kilomita za gari lao lilipofanyiwa sevisi mara ya mwisho na hawajui kama wake zao waliwahi kupimwa sukari.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halina gharama kubwa. Mzani wa watu wazima upo katika karibu kila kliniki, maana wajawazito wanapimiwa. Kadi ya mtoto ina nafasi pembeni ya kuandika namba mbili. Akina mama mtakaopeleka watoto kliniki wiki hii, mtoto akishashushwa kwenye mzani, pandeni na nyinyi, namba iandikwe. Aliyewahi kuambiwa ana sukari wakati wa mimba, au aliyezaa mtoto wa kilo nne na zaidi, aombe apimwe sukari siku hiyohiyo. Nanyi wauguzi mlioko ukumbini, wakiomba, msiwarudishe.